Jinsi Kitabu Kilivyong'olewa Juu ya Chungu cha Munkoyo

Nyamazeni, enyi watu wa mitaa ya Kenya na Katuba, nanyi mnaolala Makomeno chini ya paa za vigae. Zimeni vinanda vyenu, shusheni vikombe vyenu, na yule anayekohoa akohoe sasa amalize, kwa maana nataka kusimulia vita. Sitawasimulia vita vya wafalme waliogombania chumvi na shaba. Hivyo vina wasimulizi wake, wanaolipwa kwa pombe. Mimi nasimulia vita vya pengo la vidole vinne, vilivyopiganwa katika mji wa Elisabethville, ambao sisi tunauita Lubumbashi kwa jina la mto wake, mwaka wa 1957, mwezi wa kumi, mijakaranda ilipokuwa imemwaga maua yake ya zambarau barabarani kama zulia la kumpokea mshindi. Ila mshindi, siku hiyo, alipita na baiskeli juu ya maua hayo bila kuyatazama, kwa sababu alikuwa amechelewa.

Siimbi simba wa ngao, si wa mkuki na ngoma,
Wanavyo vita vya kwao wafundishao kusoma,
Rafu ni uwanja wao, vumbi lao lawachoma,
Kalenga yu mbele yao, hajui neno kukoma.

Huyo ndiye Donat Kalenga, mpanda ngazi, mfuta vumbi, mwenye suruali ya kaki yenye mstari wa pasi unaoweza kukata mkate, mwenye kofia ya pama ya kijivu ambayo katika Katuba nzima haina pacha. Alikuwa msaidizi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja kipya, kipya hata rangi ya milango ilikuwa bado inashika mikono ya watu. Chuo hicho kilikusudia kufundisha walimu. Na walimu, kama mnavyojua, hawafundishwi kwa upepo, wanahitaji vitabu. Lakini siku Donat alipoajiriwa, rafu ya walimu ilikuwa na vitabu viwili na mjusi.

Miezi minane alipigana. Aliandika barua kwa misheni zote za Katanga, kwa mwandiko wa duara ambao masista waliusifu, akiomba vitabu vya kufundisha hesabu, usafi, nyimbo na kuchora ubaoni. Vilikuja kwa treni, vilikuja kwa lori la samaki, vingine vikinuka samaki mpaka leo. Kimoja kililetwa na padri mzee mikononi mwake kama mtoto wa kubatizwa. Donat alivipokea, akavikausha juani, akaviandikia kadi, akavipanga. Rafu ikajaa, ikajaa, mpaka likabaki pengo moja upande wa kulia, la vidole vinne. Hapo barua zikaacha kujibiwa.

Sasa jueni sheria ya bwana wa maktaba. Huyo alikuwa Mbelgiji mwembamba ambaye watu wa kazi walimpa jina la Bwana Kimya, kwa kuwa aliomba kimya hata kwa saa ya ukutani. Sheria yake ilikuwa hivi: rafu isiyojaa toka ncha hadi ncha si fani, ni ubao tu, na ubao hupewa mwenye haja nao. Na mwenye haja alikuwapo. Alikuwa Alphonse Mwaba, mtunza mawe wa upande wa jiolojia, mtu mnene mwenye kicheko, ambaye masanduku yake ya mawe yalikuwa yamejaa ukumbini mpaka maprofesa wanayaruka. Bwana Kimya aliamua kwamba Jumamosi, king'ora cha kiwanda kitakapolia saa sita, atapita na rula yake. Rafu ikiwa imejaa, Jumatatu wanafunzi wa ualimu wangeikuta ikiwangojea. Isipojaa, vitabu vya Donat vingerudi sandukuni, na mawe yangepanda.

Mwaba hakuficha furaha yake. Alikuja akaegemea ngazi ya Donat, akasema: "Bwana Donat, jiwe haiogope mende. Kitabu inakuliwa, inalowa, inaibiwa. Acha ile rafu, ndugu. Mawe yangu imechoka kulala mu sanduku."

Donat, akiwa ngazini, alimtazama kama mfalme atazamavyo kutoka kwenye boma. "Mawe yako inangojea tangu Mungu aliumba dunia," akasema. "Haitashindwa kungojea mpaka siku ya posho."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi katika maneno ya mji wetu, na siku hiyo ilikuwa kesho kutwa.

Hapa lazima niseme aibu moja, maana mimi si msimulizi wa kuficha. Kesho yake, Ijumaa, shujaa wetu alichukua tofali, akalifunga karatasi ya kahawia, akaliandika mgongoni kwa wino mweusi, KUFUNDISHA KWA UTHABITI, akalichomeka katika pengo. Lilikaa vizuri. Lilikaa vizuri kupita vitabu vyote. Bahati mbaya Bwana Kimya alipendezwa na jina hilo, akanyoosha mkono ili alisome. Mlio wa tofali lile lilipoanguka sakafuni ndio mlio mkubwa uliowahi kusikika katika maktaba ile.

Jioni ile Donat alikula bukari, ugali wetu, bila kuinua macho. Mke wake, Régine, mwanamke mwenye akili ya haraka na subira fupi, akamwuliza amefiwa na nani. Akamweleza yote: pengo, rula, mawe, tofali. Akaeleza pia jambo lililokuwa linamchoma zaidi ya pengo, kwamba vitabu vyote vile vilimwambia mwalimu awafundishe watoto kuhesabu kwa matufaa na kwa vipande vya theluji, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto wa mtaa wa Kenya wenye njaa ya asubuhi.

Régine akalamba kidole. "Buku ya batata iko," akasema.

Batata ndiye baba yake, marehemu Anaclet Ngosa, aliyekuwa mwalimu, monitere kama walivyoitwa, miaka ishirini katika shule ya cité, yaani mitaa ya Waafrika. Kila siku ya miaka hiyo aliandika katika daftari moja nene lenye jalada gumu somo alilofundisha na jinsi lilivyokwenda. Donat aliinuka nusu kwenye kiti. Akauliza daftari hilo liko wapi.

"Kwa mama," Régine akajibu. "Anafunikia nayo munkoyo."

Donat akaketi tena, taratibu, kama jemadari aliyeambiwa kwamba ngome ya kuvamia ndiyo ile isiyokaribiwa. Maana mama huyo, Laurentine Chileshe, alikuwa mkwe wake. Nanyi mnajua desturi ya wazee wetu: mwanamume hamtazami mama mkwe wake, hamwambii neno, hapokei kitu mkononi mwake, hadi siku mama mwenyewe atakapomwita ndani na kumpa chakula. Wengine huitwa baada ya mwaka. Donat alikuwa na mwaka wa tatu. Mama Laurentine alipotokea njiani, Donat aliingia mtaroni, na mitaro ya Kenya ni mirefu.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwanza kazini akaomba ruhusa ya muda wa saa mbili. Bwana Kimya akamwonyesha saa ya ukutani. Kisha shujaa alirudi akamtwaa Régine, akampakia nyuma ya baiskeli yake, kinga kama tuiitavyo, nyeusi, yenye kengele mbili. Akavaa kofia ya pama. Akapita kati ya wauza mkaa na mafundi wa viatu kama farasi wa vita, akiliza kengele zote mbili, na mbuzi wakampisha, na mama mmoja mwenye beseni la dagaa akamwambia Régine amwombe huyo dereva wake apunguze sifa.

Ndipo wakaingia kwa kasi uani kwa mama mkwe, na pale, bila onyo, katikati ya ua, akiwa na mwiko mkononi, alisimama Mama Laurentine.

Enyi watu, nimesikia habari za wanaume waliokutana na simba. Simba humpa mtu nafasi ya kufikiri. Donat alitupa baiskeli, akatupa na mke wake nusu, akajirusha nyuma ya ukuta wa jiko akiangukia tuta la viazi vitamu. Huko akabaki, amejipangusa, amechuchumaa, kofia ingali kichwani. Mama naye alikuwa amejifunika uso kwa kitenge na kuingia jikoni. Kati yao ukasimama ukuta wa tofali wenye unene wa mkono mmoja, na kwenye mlango wa jiko Régine, akiwa mjumbe wa falme mbili, akisugua nyonga.

Vita vya maneno vikaanza. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini desturi ni desturi, na Régine alirudia yote.

Donat alitoa hotuba. Alitaja chuo, akataja rafu, akataja walimu wa kesho na wajukuu ambao hawajazaliwa. Alisema kitabu kama hicho kinastahili kukaa mahali pa heshima, si juu ya chungu. Régine alipofika kwenye neno chungu alilipunguza kidogo.

Jibu la jikoni lilikuja polepole. "Régine, uliza ule muntu wa nyuma ya ukuta: kama anabeba buku, munkoyo yangu nitafunika na nini? Na maneno yake?"

Munkoyo wa Mama Laurentine, niseme, ulikuwa ukinywewa na mtaa mzima. Mahindi na mizizi, mtamu siku ya kwanza na mkali siku ya tatu. Chungu kilikuwa pale mlangoni, kikitokota kimyakimya kwa uchachu wake, na juu yake daftari, na juu ya daftari jiwe la mto.

Donat akasema ataleta kifuniko cha bati. Mama akasema, kupitia mwanawe, kwamba bati linaingiza kutu. Donat akasema kitabu kitatunzwa. Hapo sauti ya jikoni haikuwa na mzaha tena.

"Mwambie hivi. Wakati bwana yangu alikufa, batu walikuya, wakabeba diplome yake. Walisema wiki moja. Ile wiki haiyaisha mpaka leo. Mukono ya bwana yangu iliyobaki mu hii dunia iko mu ile buku tu."

Régine alifungua mdomo kurudia maneno hayo, akayafunga. Akatazama ukuta, akatazama mlango. "Muko na masikio, wote mbili," akasema. "Miye si posta." Akachukua ndoo, akaenda bombani, akawaacha.

Oneni sasa hatari iliyomzunguka Donat. Mjumbe ameondoka, jua limepanda, na kusema moja kwa moja hawezi. Angeweza kukimbia. Angeweza, kwa mikono yake mirefu, kunyakua daftari pale mlangoni na kupanda kinga. Wazo hilo lilimjia, nami najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, akiangalia pembeni. Lakini alibaki kwenye viazi. Na uani palikuwa na kuku mmoja, jike mzee wa shingo tupu, aliyekuwa anakwarua karibu na kona, mahali ambapo pande zote mbili zingeweza kumwona.

Mama ndiye aliyeanza. "We kuku," akasema, "uliza ule muntu: anajua kusoma maandiko ya mukono, ao anajua ya mashini tu?"

Kuku alisimama kwa mguu mmoja.

"Kuku," Donat akajibu, kofia mkononi, "mwambie mama, ninajua yote mbili."

"Basi, kuku, asome. Miaka sita ile buku iko hapa, sijasikia hata mustari moja. Régine anaanza, analia, anafunga. Ndugu zake vilevile. Miye sijui kusoma. Ninafunika munkoyo nayo ili niikamate kila siku."

Ukasikika mlio wa jiwe kuondolewa. Kisha ungo ulitokea kwenye kizingiti, ukisukumwa kwa mwiko, na juu ya ungo daftari. Donat alitambaa, akalichukua, akarudi nyuma ya ukuta. Lilikuwa zito, vuguvugu, jalada limevimba, kurasa zimenyonya mvuke wa miaka sita mpaka zimenenepa kama mkate. Lakini wino wa Anaclet Ngosa ulikuwa umeshika. Akafungua katikati, akasoma kwa sauti, akiwaelekea viazi.

"Somo la hesabu, mwaka wa pili. Kugawanya. Vifaa: viwavi wakavu arobaini na wanane, kutoka kwa mke wangu Laurentine, ambaye juzi aliwabeba toka porini, na leo hakula hata mmoja. Watoto kumi na sita, kila mmoja amepata watatu. Wote wamefahamu. Hapakubaki kitu, maana vifaa vililiwa. Angalizo: kitabu cha mwalimu kinaagiza matufaa. Mwaka huu tena sikuona tufaa katika mji huu. Angalizo la pili: bila Laurentine darasa langu ni ubao mtupu."

Nyuma ya ukuta mwiko ulianguka. Donat alingoja. Kuku naye alingoja.

"Kuku," sauti ikasema, "mwambie arudilie ile ya mwisho."

Akairudia. Akaulizwa tena, akairudia mara ya tatu, na mara hiyo hakuitazama karatasi.

Ndipo mama akatoa masharti yake, naye kuku akayabeba. Daftari liende. Lakini kwenye ile karatasi yao ya kuandika majina, jina la Laurentine liandikwe pamoja na la mumewe, kwa sababu viwavi walikuwa wake. Na kila siku ya yenga, yaani kila Jumapili, mtu wa nyuma ya ukuta aje na somo moja aliloliandika upya, alisome. Na munkoyo usilale wazi, nzi wako wengi.

Donat Kalenga, mpanda ngazi, alivua kofia ya pama ya kijivu, isiyo na pacha Katuba nzima, aliyoilipia kwa mishahara mitatu, akaiweka juu ya ungo, akausukuma ungo kwa kijiti mpaka mlangoni. Akasikia ikitua juu ya chungu. Ilitosha.

Jinsi alivyorudi mjini sitaieleza yote. Kichwa wazi kwenye jua la mwezi wa kumi, daftari limefungwa tumboni kwa mkanda, akinuka uchachu, akipita juu ya yale maua ya zambarau niliyoyataja mwanzo. Aliingia maktabani zikiwa zimebaki dakika chache. Mwaba alikuwa amekwisha panga masanduku chini ya rafu, na mkononi alishika jiwe la kijani akilipangusa kwa pumzi. Bwana Kimya alisimama na rula.

Donat aliketi, akaandika kadi kwa mwandiko wa duara. Kisha akapanda ngazi na kulipeleka daftari kwenye pengo. Likagoma. Lilikuwa nene mno. Marehemu alipoliandika lilikuwa la vidole viwili, na lingeacha uwazi wa kutosha kuaibisha fani nzima. Lakini mvuke wa Mama Laurentine ulikuwa umelifanyia kazi miaka sita, mchana na usiku, na sasa lilikuwa la vidole vinne na ushee. Donat aliweka bega. Akasukuma. Rafu ikalia, vitabu vyote vikabanana toka ncha hadi ncha, na daftari likaingia hadi mwisho wakati king'ora cha kiwanda kilipoanza kulia.

Bwana Kimya alipitisha rula na haikupata mahali pa kuingia. Akanusa, akakunja pua. Akachukua kadi, akaisoma, akauliza kwa kunong'ona huyu wa pili, Chileshe Laurentine, aliyeandikwa mbele ya neno viwavi, ni nani katika elimu. Donat alisimama wima kwenye ngazi na kutoa hotuba kubwa kuliko zote za maisha yake, naye akaitoa kwa kunong'ona, maana sheria ni sheria. Alisema kwamba mwalimu asiye na kifaa ni mhubiri. Kwamba aliyeleta kifaa amefundisha nusu ya somo. Kwamba mama huyo amefundisha miaka ishirini na amekitunza kitabu miaka sita zaidi, bila mshahara, na bila kukisoma. Bwana Kimya akatia kadi sahihi yake fupi pembeni, akaiingiza kwenye droo.

Mwaba alikuwa bado ameshika jiwe la kijani. Donat alishuka, akamwomba jiwe jingine, si hilo zuri: bapa, safi, la upana wa sahani. Mwaba alimtazama kichwa chake kitupu, akauliza kofia iko wapi, na alipoambiwa alicheka mpaka Bwana Kimya akageuka. Akachimba sandukuni, akampa. "Ndugu," akasema, "nilijua mawe yangu itapata nafasi. Sikujua ni pa munkoyo."

Kesho yake, siku ya yenga, Donat na Régine walifika uani kwa miguu, taratibu. Donat alikwenda moja kwa moja kwenye kituo chake nyuma ya ukuta, jiwe bapa kwapani, somo la kuzidisha mfukoni. Alimtafuta mkalimani wake wa shingo tupu. Hakumwona. Akaogopa kidogo harufu ya mchuzi.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, haikupitia kwa mtu wala kwa ndege.

"Donat, ingia. Chakula iko. Na kofia yako inanuka."

Akaingia, akiwa ameinamisha macho, na pale mkekani palikuwa na bukari na sahani ya viwavi wa kukaanga, na chini ya kiti cha mama kuku wa shingo tupu alikuwa amelala salama, mzima, kama balozi aliyestaafu.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na wasio na kalamu wakumbuke: mwaka ule, katika mji wa shaba, jiwe lilishindwa na karatasi, rafu ya walimu ikajaa kwa mvuke wa munkoyo, na jina la mwanamke asiyejua kusoma likaingia katika droo ya maktaba, ambako mende hawajalifikia hadi leo. Nani awezaye kusema wafalme walifanya zaidi?